Je, klabu ya daraja la pili inahitaji programu yake ya simu kwa ajili ya mashabiki?

KatibuTawi (Kisumu)

Wapenzi wa kandanda, hamjambo. Mimi ni katibu wa tawi moja la mashabiki hapa Kisumu, na ninaleta kwenu jambo lililotukalisha vikao viwili bila kuafikiana. Klabu yetu inacheza daraja la pili, na mechi za nyumbani tunazichezea katika Uwanja wa Moi. Mwezi uliopita kampuni moja kutoka Nairobi iliuletea uongozi pendekezo la kuitengenezea klabu programu yake ya simu, ile ambayo vijana wanaiita apu. Bei ni shilingi 850,000 za kuanzia, kisha shilingi 35,000 kila mwezi za kuitunza. Wameahidi kwamba ndani yake kutakuwa na habari za timu, ratiba, matokeo dakika kwa dakika, tiketi, duka la jezi, ukumbi wa mazungumzo, na kura ya kumchagua mchezaji bora wa mechi. Mwenyekiti ametuomba makatibu wa matawi yote tumwandikie maoni yetu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, na amesema hatatia sahihi popote kabla ya kuyasoma.

Nieleze hali yetu ilivyo, ili anayenishauri anishauri akiijua. Kiingilio chetu ni shilingi 100, na mechi ya kawaida huingiza watu wapatao 600, yaani shilingi 60,000 kabla ya kulipia walinzi, ambulensi, uwanja na usafiri wa vijana wa kuokota mipira. Nikichukua bei ile ya kuanzia nikaigawa kwa mapato hayo, napata kwamba tutahitaji zaidi ya mechi 14 za nyumbani bila kumlipa mtu yeyote senti. Ile ada ya kila mwezi nayo inakula zaidi ya nusu ya mapato ya mechi moja, na kuna miezi ambayo tunacheza nyumbani mara moja tu.

Jumapili iliyopita niliwaomba wanachama waliohudhuria kikao cha tawi waweke simu zao mezani. Tulikuwa watu 43. Simu janja zilikuwa 27, na kabambe, yaani zile simu ndogo za kubonyeza, 16. Kati ya wenye simu janja, 11 walisema simu zao zimejaa. Kijana mmoja alinionyesha kwamba ili apokee video fupi ya mazoezi ilimbidi kwanza afute picha za mwanawe. Mzee wetu mmoja, ambaye sijawahi kufika uwanjani nikakosa kumwona ameketi upande ule ule wa jukwaa, aliitoa kabambe yake iliyofungwa kwa raba ili betri isidondoke, akaiweka katikati ya zile nyingine, akauliza, “Sasa mimi nitaingia na nini?” Tulitazamana tu.

Vijana wetu nao wana hoja, na sitaki kuidharau. Wanasema kwamba jirani zetu wa Tanzania wametangulia, kwamba Simba na Yanga wanasajili wanachama wao kidijitali, na kwamba shabiki wa Dar es Salaam anaingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa kadi ya N-Card. Wanauliza kwa nini sisi tubaki na kitabu cha tiketi na kalamu. Basi nawaomba mnisaidie: klabu ya kiwango chetu inahitaji programu yake? Kama inahitaji, wakati wake ni sasa? Na kama haihitaji, fedha za namna hiyo, au hata robo yake, zianzie wapi?

FundiWaSimu (Nakuru)

Ndugu Katibu, nakushukuru kwa kuweka hesabu wazi, kwa sababu wengi huuliza swali hili wakiwa wameficha bei, na bila bei hakuna ushauri. Kazi yangu ni kuandika programu za simu, na kwa miaka kadhaa nimelea watoto kwayo hapa Nakuru, hivyo ningekuwa na kila sababu ya kukuambia mwenyekiti atie sahihi. Ushauri wangu ni kwamba asitie, angalau si kwa mkataba ulio mbele yake.

Programu ya simu ni kama shamba: usipoipalilia msimu mmoja, magugu yanaifunika. Kufungua akaunti ya kuchapisha programu katika duka la Google ni dola 25 za Marekani unazolipa mara moja. Apple wanatoza dola 99 kila mwaka, na mwaka usipolipa, programu inaondolewa dukani kwao. Hizo ni fedha ndogo. Kubwa ni kwamba kila mwaka Google huwataka watengenezaji waisogeze programu ifuate toleo la karibuni la Android, na asiyefanya hivyo, mwenye simu mpya akiitafuta haioni. Kwa hiyo ile shilingi 35,000 ya kila mwezi waulizeni inanunua nini hasa, na jibu liandikwe: nani atasogeza toleo, nani atarekebisha hitilafu siku ya mechi, na ndani ya saa ngapi.

Jambo ambalo ningelikazania kuliko bei ni akaunti itasajiliwa kwa jina la nani. Nimewahi kuitwa na chama kimoja, ambacho sitakitaja, baada ya wao kukosana na fundi wao. Fundi alikuwa amefungua akaunti kwa jina lake mwenyewe na kukodi seva kwa kadi yake mwenyewe. Walipoachana, programu ilibaki kwake, pamoja na majina na nambari za simu za watu zaidi ya elfu moja. Sikuweza kuwasaidia, ila kuwashauri waanze upya. Klabu ikifungua akaunti kama shirika, itaombwa nambari ya utambulisho wa biashara iitwayo D-U-N-S pamoja na hati za usajili, kwa hiyo hata kabla ya kufikiria apu, hakikisheni kwamba hati za klabu ziko sawa na zimewekwa mahali panapojulikana.

Sasa tazama orodha ya yale mliyoahidiwa. Habari, ratiba, matokeo na duka la jezi vyote vinaweza kukaa katika tovuti nyepesi, ambayo haidai nafasi yoyote katika simu ya yule kijana wako mwenye picha za mwanawe. Mtu anaifungua kwa kivinjari, na akipenda anaiweka kwenye uso wa simu yake, ikae kama programu nyingine yoyote. Hata arifa, ambazo zamani zilikuwa sababu kubwa ya kutengeneza apu, tovuti inaweza kuzituma kwenye Android, na tangu Machi 2023 hata kwenye iPhone, mradi mwenye simu ameiweka tovuti hiyo kwenye uso wa simu. Malipo ya M-Pesa pia hayadai apu. Safaricom wana mfumo uitwao Daraja, unaoiwezesha tovuti kumpelekea mteja ombi la malipo kwenye simu yake. Yeye anaingiza nambari yake ya siri, na kazi imekwisha. Kwa kazi hiyo yote, fundi mwaminifu hatawatoza hata robo ya bei mliyotajiwa.

Kuna sheria pia. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ipitishwe, anayekusanya majina na nambari za watu ana wajibu wa kuwaeleza anazikusanya kwa nini, na kuzilinda. Data ya mtoto haikusanywi bila idhini ya mzazi au mlezi. Mashabiki wengi wa kandanda ni wanafunzi, kwa hiyo ukumbi wa mazungumzo ndani ya apu ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Nani atakesha akiusimamia?

MamaLango (Kakamega)

Salamu, mwanangu Katibu, na salamu kwa Fundi. Nimekaa langoni misimu tisa, mingi yake hapa Bukhungu na mingine katika viwanja vidogo vya kaunti yetu, na nimekata tiketi za karatasi, nimepokea malipo ya simu, na nimeshuhudia apu ikizaliwa na ikizikwa. Nitakuhadithia ya mwisho kwanza.

Klabu moja niliyokuwa nikiisaidia, ya daraja kama lenu, ilizindua programu yake kwa ngoma na keki. Siku ile ya uzinduzi vijana walisimama langoni wakiwasaidia watu kuipakua, na nakumbuka walijivunia kwamba simu zipatazo 300 ziliipokea kabla ya mapumziko. Kwa wiki tano hivi ilikuwa tamu. Kisha kijana aliyekuwa akiiandikia habari akapata kazi Eldoret, na hakuna aliyekabidhiwa nenosiri. Ikafika mechi moja ya Jumamosi iliyosogezwa hadi Jumapili, kwa sababu uwanja ulikuwa na shughuli nyingine. Kundi la WhatsApp lilipata habari Alhamisi. Apu haikubadilishwa; iliendelea kusema Jumamosi, saa tisa alasiri.

Mimi nilipita uwanjani Jumamosi hiyo kuchukua vitabu vya tiketi, nikakuta watu wamesimama mbele ya lango lenye mnyororo. Wengine walitoka Mumias, wengine Butere, na walilipa nauli za kuja na za kurudi. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni aliyevalishwa jezi ndogo, na aliinyoosha simu yake mbele ya uso wangu ili nisome mwenyewe: Jumamosi. Sikuwa na la kumwambia. Niliomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa langu, nikampa shilingi 150 zilizokuwa kwenye mkoba wangu. Jumapili mama yule hakuja, na mechi iliyofuata hakuja. Kutoka siku hiyo watu walirudi kwenye makundi yao ya WhatsApp, na apu ikabaki kwenye simu kama kalenda ya mwaka jana. Kwa hiyo kabla ya kuuliza programu ni bei gani, muulize mwenyekiti ni nani atakayeiandika Alhamisi usiku mechi inaposogezwa, na huyo mtu analipwa nini.

Sasa tiketi. Fundi amesema kweli kwamba malipo hayadai apu, lakini nataka niongeze mambo ya langoni ambayo hayaonekani ukiwa ofisini. Inapokuja timu yenye wafuasi wengi kama AFC Leopards, simu za watu maelfu hugombania mtandao mmoja, na intaneti inalala. Mwenye tiketi ndani ya apu anafika mbele yangu, kioo kinazunguka, kinazunguka, na nyuma yake kuna watu 200 wanaosukuma. Mwingine betri imekufa. Ukitaka kupima tiketi kwa simu, orodha ya waliolipa iwe imekwisha kuwekwa ndani ya simu ya mpimaji kabla ya lango kufunguliwa, na awepo mtu mwenye orodha ya karatasi.

Hata hivyo, usidhani nakitetea kitabu cha tiketi. Karatasi ina wizi wake. Tiketi inakatwa, haichanwi, inarudishwa nje kwa mkono wa mtu, inauzwa mara ya pili. Fedha taslimu zilikuwa zinapita mikono minne kabla ya kumfikia mweka hazina, na kila mkono ulikuwa na unyevu wake. Kilichotusaidia ni nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la klabu. Shabiki analipa akiwa kwenye foleni, akiwa na kabambe au simu janja, haijalishi, na fedha zinaingia moja kwa moja. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, watu waliokaa jukwaani walionekana kuwa wale wale wa siku zote, lakini mapato yaliyosomwa jioni yalinifanya niombe yasomwe tena.

Tahadhari moja: usimruhusu mtu kuingia kwa kuonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake. Vijana wanajiandikia ujumbe huo wenyewe, na wengine wanaelekezana ujumbe mmoja watu kumi. Anayekaa langoni awe na simu inayopokea uthibitisho upande wa klabu, asome jina na tarakimu za mwisho, ndipo afungue.

ShabikiWaMbali (Mombasa)

Nawaheshimu wote waliotangulia, na Mama amenigusa sana kwa habari ya yule mwenye mtoto. Lakini nasikia mkizungumza kana kwamba shabiki ni yule anayefika langoni peke yake. Mimi nimezaliwa Vihiga, na nimefanya kazi Mombasa miaka kumi na mmoja. Mechi ya nyumbani naiona pengine mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo ya Desemba. Mwaka 2021, Vihiga Queens walipokwenda Cairo kucheza Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika, yakiwa ndiyo mashindano ya kwanza ya aina hiyo, nilikuwa huku nikihangaika kutafuta kiungo cha kutazama, nikipokea matokeo kutoka kwa binamu yangu aliyekuwa akiyapata kwa mtu mwingine. Klabu kutoka kaunti yetu ilikuwa jukwaa moja na Mamelodi Sundowns, na mimi nilikuwa naipata kwa tetesi.

Watu kama mimi ni wengi: Nairobi, Mombasa, Qatar, Saudia. Hatununui kiingilio cha shilingi 100, lakini tungelipa 200 kwa mwezi bila kulalamika, kama kungekuwa na mahali pa kulipa na kitu cha kupata. Kwa timu ya daraja la pili redio haitangazi, na televisheni haiji. Sauti ya mtu mmoja anayetangaza mechi kutoka jukwaani ingetutosha kabisa.

Pia sikubaliani na wanaosema WhatsApp na Facebook zinatosha. Huko tumejenga kwenye kiwanja cha mtu. Kundi la WhatsApp lina ukomo wa watu 1,024, na ukihamia kwenye chaneli, unaweza kupata wafuasi wengi lakini chaneli haikupi nambari zao za simu, hivyo huna orodha. Nawajua watu wa klabu moja ambao ukurasa wao wa Facebook ulikuwa umefunguliwa na afisa wa zamani; alipoondolewa, aliondoka nao, na maelfu ya wafuasi wakawa wanasoma maoni yake binafsi kana kwamba ni sauti ya klabu. Mnakumbuka mwaka 2019, SportPesa ilipoondoa udhamini wake, jinsi hata Gor Mahia na AFC Leopards walivyoyumba. Klabu isiyowajua mashabiki wake kwa majina, mdhamini akiondoka, inamwendea nani? Kama apu ndiyo njia ya kupata orodha hiyo, mimi naiunga mkono, hata kama ni ghali.

MwalimuMstaafu (Bungoma)

Nitasema kwa ufupi. Mwaka 1987, Gor Mahia walipoiondoa Esperance ya Tunis na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa bao la ugenini, sisi tulikuwa kijijini tumeizunguka redio moja, na hakuna aliyehisi kwamba yuko mbali na timu. Shabiki anachotafuta ni habari ya kweli inayomfikia kwa wakati. Kwa wale 16 wenye kabambe, na kwa wale 11 ambao simu zao zimejaa, njia hiyo ipo tayari, nayo ni ujumbe mfupi wa kawaida.

Kikundi chetu cha wakulima hutuma ujumbe kwa wanachama wote kupitia kampuni za kutuma ujumbe kwa wingi, na kila ujumbe hutugharimu chini ya shilingi moja. Klabu ikiwa na watu 2,000 katika orodha na ikawaandikia mara mbili kwa wiki, ni chini ya shilingi 16,000 kwa wiki nne, yaani haifiki nusu ya ada waliyotajiwa. Ujumbe uandikwe kwa Kiswahili chepesi, na kwa huko Kisumu uandikwe kwa Dholuo pia, maana nimeona mapendekezo mengi ya namna hii yakija na Kiingereza kitupu ambacho mzee wa raba hawezi kukisoma.

FundiWaSimu (Nakuru)

Ndugu ShabikiWaMbali, hoja yako ya orodha ni nzito, na nakiri kwamba sikuipa uzito wake. Ila nitenganishe mambo mawili. Orodha inapatikana kwa kumwomba mtu jina lake, nambari yake na ruhusa yake. Hilo hufanyika kwa fomu ya tovuti au kwa daftari, na apu haiongezi kitu hapo. Wanaopakua apu bila kujisajili hawakuachii jina lolote.

Kuhusu kutangaza mechi, sauti inawezekana, na haili bando sana. Kwa video, tahadharini. Haki za kuonyesha mechi za ligi kwa kawaida huwa mikononi mwa wenye ligi, hivyo klabu isimwahidi mtu picha za moja kwa moja kabla ya kuandikiana nao. Nimeona pendekezo likiwa na neno “mechi mubashara” kwa herufi kubwa, na hakuna aliyeuliza nani ametoa kibali. Ndugu Katibu, angalia kama pendekezo lenu nalo linalo.

KatibuTawi (Kisumu)

Nimerudi, na nimeshukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Fundi, nimeangalia: lipo, ukurasa wa tatu, na kibali hakikutajwa popote. Kuhusu akaunti, pendekezo linasema itafunguliwa “na mtoa huduma kwa niaba ya klabu”. Nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Maoni nitakayompelekea mwenyekiti ni kwamba asitie sahihi msimu huu. Kwanza tusajili nambari ya malipo kwa jina la klabu na tuitumie langoni kama Mama alivyoeleza. Tutafute fundi wa tovuti nyepesi yenye ratiba, matokeo, jezi na fomu ya wanachama. Tutume ujumbe mfupi kila mechi inapopangwa na kila inaposogezwa. Nimependekeza kwamba mtu mmoja alipwe posho ndogo kwa kazi hiyo, awe na msaidizi, na nenosiri liwe kwenye bahasha kwa mweka hazina. ShabikiWaMbali, wewe na wenzako nimewaandikia aya yenu: lifunguliwe tawi la walio mbali, lenye mchango wa mwezi, na tujaribu kutangaza kwa sauti mechi tatu za nyumbani tuone ni wangapi watasikiliza. Tukifikisha majina 2,000 yaliyojisajili, na tovuti ikithibitisha kwamba watu wanaitumia, suala la apu lirudi mezani, safari hii klabu yenyewe ikiandika inachotaka. Vijana wa tawi wamekubali, ingawa mmoja wao amesema wazi kwamba tunachelewa, na nimeiweka kauli yake kwenye barua bila kuipunguza.

Sikusubiri majibu. Jumamosi, kwenye mechi ya kirafiki, nilikaa na vijana wawili karibu na lango, tukiwa na daftari na karatasi inayoeleza nambari zitatumiwa kwa nini. Tulipata majina 118. Jioni nilipoyapitia niligundua kwamba 31 ni ya wanafunzi wa chini ya miaka 18, nikayafuta yote. Wiki ijayo watapewa fomu wapeleke nyumbani. Mzee wa raba alikuja wa kwanza kabisa. Hakujua pa kuitafuta nambari yake ndani ya simu, akaikariri kwa moyo, tarakimu kumi, taratibu, akitazama kalamu yangu inavyotembea, kisha akaniomba nimsomee ili ahakikishe.

Mama, nina swali moja. Mkitumia nambari ya malipo na tiketi za karatasi siku moja, hesabu mnaifunga saa ngapi, na nani anatia sahihi?

MamaLango (Kakamega)

Mwanangu, vyote viwili mvitumie kwa miezi michache ya kwanza, ndiyo busara. Hesabu ya kwanza mfunge mapumziko, siyo baada ya mechi, kwa sababu kipenga cha mwisho kikilia kila mtu anaondoka na huwezi kumpata aliyekata. Vipande vya tiketi vihesabiwe na watu wawili wasiotoka tawi moja. Taarifa ya malipo ya simu itolewe na mweka hazina mbele yao, jumla ziandikwe kwenye ukurasa mmoja wa kitabu, na watatu hao watie sahihi hapo hapo langoni. Wanaolipa baada ya mapumziko muwaandike ukurasa wao peke yao. Huko ndiko kwetu shilingi zilikuwa zinapotelea.